Riwaya za upelelezi na za kihistoria: anza na ipi, na kwa nini ukague kurasa za mwisho kabla ya kulipa

Msomaji mmoja wa Tanga amenitumia picha iliyoniuma. Alinunua riwaya ya upelelezi ya mtumba, akaisoma usiku kucha, mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni na yuko mbioni kumtaja muuaji. Akafunua ukurasa: jalada. Aliporudi kwa muuzaji akajibiwa, "Dada, kitabu kikishatoka hapa hakirudi." Tangu nimwoneshe shoga yangu picha ile, naye amenitajia watu wengine waliopatwa na hayo hayo.

Bei, ukubwa wa herufi na uzuri wa jalada utaviona mwenyewe, sina haja ya kukufundisha. Ninachotaka ukishike ni mwisho wa kitabu.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa huchapwa, hukunjwa na kukatwa, ikatoa fungu la kurasa, mara nyingi 16 au 32, kisha mafungu hupangwa na kugandishwa mgongoni kwa gundi. Fungu moja likisahaulika, unaruka kutoka ukurasa wa 96 hadi wa 113. Baya zaidi ni fungu kurudiwa mara mbili pale ambapo lingekaa jingine. Unene ni ule ule, uzito ni ule ule, mkononi huhisi kitu. Kwa vitabu vya mtumba tatizo ni la nje: jalada la nyuma likibanduka huondoka na karatasi zilizo jirani nalo, na muuzaji hugandisha jalada jipya juu ya kilichobaki.

Riwaya nyingine ikikosa kurasa nne za mwisho utasikitika, lakini umeshaifaidi. Ya upelelezi ikizikosa hujanunua kitu, maana jibu lote limewekwa pale.

Sasa utakaguaje bila kujiharibia utamu? Kipindue kitabu, miguu juu kichwa chini. Namba za chini ya ukurasa zitakuja juu, na maneno yatakuwa yamepinduka kiasi kwamba jicho haliyasomi kwa bahati mbaya. Funua kwa kidole gumba ukifuata namba tu, ukijihadhari na 6 na 9. Kisha kikunjue katikati taratibu na usikilize mgongo: gundi iliyokauka hulia kama kijiti kikavu, na kitabu hicho kitaanza kuachia karatasi kabla hujafika nusu. Kilichofungwa kwa nailoni omba kifunguliwe. Wakikataa, ondoka.

Tuje kwenye vitabu vyenyewe.

Wa kwanza kwangu ni Muhammed Said Abdulla na mpelelezi wake Bwana Msa, na sioni wa kumkaribia. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 na kutoka kitabu mwaka 1960. Mauaji yapo, lakini hakuna mbio za magari wala damu ya kutapakaa. Kuna shamba la Unguja, mzimu unaoogopwa na wenyeji, na mtu mwenye kiko mdomoni anayeuliza maswali madogo madogo huku sahibu yake Najum akihangaika kumfuata. Mwandishi alizaliwa Makunduchi mwaka 1918 na alifanya kazi idara ya afya kabla ya kuingia kwenye magazeti. Mimi nikimsoma naliona jicho la bwana afya aliyezoea kuingia nyumba za watu na kutazama kila kona. Na Kiswahili chake! Ukimaliza, tafuta Kisima cha Giningi (1968), halafu Siri ya Sifuri (1974). Usizisome mfululizo. Weka moja ya masika, mvua ikikufungia ndani, nyingine ya kipupwe, na nyingine ya vuli.

Wa pili ni Adam Shafi, kwa wanaopenda historia. Vuta N'kuvute (1999) inampeleka Yasmin, binti aliyeozwa mzee, katikati ya Unguja ya miaka ya hamsini na harakati za kina Denge za kupinga ukoloni. Kama umeona filamu ya Amil Shivji ya 2021, bado hujakisoma kitabu. Kuli (1979) inawahusu wapagazi wa bandarini na mgomo wa 1948. Hizi ni za Ramadhani baada ya tarawehe, au likizo ndefu ya Desemba.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) ni ya mwanzo mwanzo kwa upelelezi wa bara, fupi, ya kumaliza kwa siku mbili. Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, Mtobwa na Joram Kiango wake, ni wazuri kwa basi la usiku. Bastola ni nyingi mno kwa mtu anayetaka kusoma atulie.

Fotokopi na PDF za kwenye makundi ya WhatsApp: sizipendekezi. Kurasa hupotea humo kuliko popote.

Na bei hizi jamani. Riwaya ikiwekwa kwenye mtaala inachapwa kila mwaka. Ikitolewa inapotea, na aliyebaki na nakala tano chini ya meza anakuambia "hiki hakipo tena sokoni" kisha anataja bei ya kitabu kipya, kwa nakala yenye muhuri wa maktaba ya shule. Muhuri huo ulifikaje mezani kwake? Hakuna anayeuliza. Wenzetu wa Kenya mwaka 2013 vitabu vyao viliwekewa VAT ya asilimia 16, kisha tunashangaa vijana hawasomi. Mimi nakala ya mtumba silipi zaidi ya nusu ya bei ya mpya, na nikikuta hata karatasi moja haipo, nashusha bei tena au naiacha nakala mezani.

Kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti idadi ya kurasa na maneno "imekamilika". Anayekiamini kitabu chake ataandika.