TAHADHARI: "Mzee wa Masijala" wa Dodoma anauza mafaili ya kuasiliwa ambayo hayapo

Ndugu zangu mnaotafuta wazazi, akikupigia mzee mwenye sauti ya upole, anakuita "mwanangu", anasema ni mstaafu wa masijala na faili lako la kuasiliwa kaliona kwa macho yake, usitume hata mia. Mimi kanipiga laki nne na ishirini.

Nimekulia Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Mama alipofariki, siku ya kuanua matanga, shangazi mmoja akaropoka kwamba mimi "nililetwa" mwaka 1989, mchanga wa miezi michache, kutoka upande wa Mpwapwa. Usiku uleule nikaandika kila kitu kwenye kundi la Facebook la kutafutana ndugu: mwaka, Mpwapwa, kovu la moto begani, hadi jina nililokuja nalo. Siku ya tatu simu ikalia. Mzee alijua kovu. Alijua Mpwapwa. Mwili ulinisisimka, nikakaa chini. Kumbe alikuwa ananisomea niliyoyaandika mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa elfu hamsini "ya kijana wa stoo". Ya pili laki moja na ishirini "ya kuvunja lakiri", kwa sababu faili la kuasiliwa hufungwa na mahakama. Ujanja wake uko hapo, anakupa ukweli kwanza. Kweli kumbukumbu hizi ni siri. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, Msajili Mkuu anaiingiza kwenye daftari la watoto walioasiliwa, na kumbukumbu zinazounganisha usajili wako wa kwanza wa kuzaliwa na jina jipya si za kila mtu kupekua. Zinafunguliwa kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo ukimuuliza mtu anayejua sheria atakwambia ndiyo, zinafungwa, nawe unarudi kwa mzee umemwamini mara mbili. Ila kama mlango wenyewe unafunguliwa na jaji, huyo kijana wa stoo anafungua nini kwa elfu hamsini? Swali hilo lilinijia nikiwa nimeshatuma zote mbili.

Bahasha niliipokea Jamatini kutoka kwa bodaboda, imebandikwa lakiri nyekundu (nikiikwangua naona ni mshumaa tu). Ndani mna barua ya tarehe 14 Agosti 1989 yenye muhuri wa Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Jiji! Dodoma imekuwa jiji 2018, sote tulikuwepo. Chini imeandikwa "Nakala: RITA", wakala wa usajili wa vizazi na vifo uliozinduliwa 2006. Miaka ile kazi hiyo ilikuwa chini ya Kabidhi Wasii Mkuu. Na haya sikuyaona mimi. Aliyaona binamu yangu mwalimu, ambaye husahihisha hata kadi za harusi, na wakati huo nilikuwa nimeshalia juu ya barua ile wiki nzima.

Halafu akanipa namba ya "mama". Eti yuko Kibaigwa, anauza mahindi, ni Mgogo wa Mpwapwa. Tuliongea jioni nne. Akaniita kwa lile jina nililokuja nalo, akalia, nami nikalia. Mzee akasema sasa tupime DNA kwa Mkemia Mkuu, laki mbili na nusu, nimtumie yeye kwenye simu yake. Nikatuma. Majibu yakaja WhatsApp baada ya siku mbili: asilimia 99. Hakuna aliyenipitishia pamba mdomoni! Ofisi ya Mkemia Mkuu haimpimi mtu aliyejiendea tu. Maombi hupitia wenye mamlaka hiyo, kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii, na sampuli zinachukuliwa kwa wahusika wote.

Bado nilitaka kuamini. Rafiki yangu Mgogo ndiye aliyemaliza mchezo. Alichukua simu akamwamkia mama: "Mbukwenyi!" Kimya. Kisha, "Nzuri, habari za huko?" Jamani, hata mgeni aliyeuza nyanya soko la Majengo mwezi mmoja anajua kuitikia mbukwa. Simu ikakatwa, na ile namba haijapatikana tena.

Nilipokwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kabla ya chochote aliniuliza, "Walikuasili mahakamani, au walikulea tu?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa baba mkubwa. Akasema hakuna aliyekanyaga mahakamani. Watu wazima walikaa, wakakubaliana, mtoto akachukuliwa. Kwa hiyo faili langu halijafungwa, halikuwahi kuwepo. Nadhani wengi wetu tuko hivi, na yule mzee anatuuzia sote bahasha ileile. Kilichopo kwangu ni kitabu cha ubatizo cha parokia, kadi ya kliniki na wazee wachache ambao hawajaondoka. Ndiko ninakohangaika sasa, na parokia haijaniomba hata senti.

Kwa hiyo anza na swali la yule afisa. Kama ni mahakamani, mtafute wakili, au msaidizi wa kisheria kama huna uwezo (kwa sheria ya 2017 msaada huo ni bure), maombi yapelekwe Mahakama Kuu. Malipo ya serikali yana kontroo namba, hayaendi kwenye laini ya mtu. Akikuomba hela mtumishi wa kweli, hilo ni la TAKUKURU, 113. Na ukiandika habari zako mtandaoni, bakiza kitu kimoja usikitaje. Laiti ningebakiza kovu, mzee angekwama siku ya kwanza.

Namba zake nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na RB (namba ya taarifa yangu polisi) ninayo. Polisi wameniambia tukijitokeza wengi kesi inapata uzito, kwa hiyo kama nawe ulipata bahasha ya mshumaa, usiitupe, niandikie faragha. Aibu tumeshaipata, tusimwachie na hela.

Anabadilisha laini, msimsubiri kwa namba. Jumanne kanipigia tena, namba mpya, sauti ileile: "Mwanangu, nimelipata faili la baba yako."