Nimeagiza mimea mtandaoni msimu wa mvua: boksi safi, udongo chapachapa

Naanza na boksi maana hapo wauzaji sina neno nao. Mimea minne, kila mmoja umefungwa shina kwenye kijiti, vyungu vimebanwa na kadibodi visicheze, juu wameandika UPANDE HUU JUU kwa herufi kubwa kabisa, japo aliyeleta mzigo alikuwa amelilaza ubavu kama begi la nguo. Mvua ilikuwa inapiga tangu juzi yake, kitako cha boksi kimelainika hadi kidole kinazama, ila halikupasuka. Ufungaji nawapa maksi zote.

Sasa ile nachana tu seloteipu, harufu hiyo! Tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Kumbe wamemwagilia siku ya kutuma halafu wakafunga udongo na nailoni usimwagike, ambayo ni akili nzuri kama ni kiangazi na safari ni ya siku moja, ila mzigo wangu umekaa njiani siku tano, giza, hewa hakuna, maji hayana pa kwenda. Mizizi nayo inapumua jamani, ikikaa kwenye tope inakosa oksijeni inaanza kufa na vijidudu vya kuozesha vinakuja kumalizia kazi. Halafu humo humo ndani kuna kadi nzuri ina picha ya maua: "Mara tu upokeapo mmea wako, umwagilie vizuri na uuweke penye jua." Umwagilie nini tena? Nilibinya ule udongo maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mimi nasema hiyo kadi inaua mimea mingi kuliko safari. Mmea wenye kiu na mmea uliozidiwa maji ukiuangalia kwa macho ni kitu kile kile, majani yamelala, umenyong'onyea, na wewe kwa huruma unaongeza kikombe. Usiangalie majani, nyanyua chungu usikie uzito, chomeka kidole mpaka pingili ya pili, kikitoka na tope weka jagi chini.

Nilichofanya usiku ule: nailoni zote nje, vyungu nikavisimamisha juu ya magazeti yaliyokunjwa bila sahani, kwa sababu gazeti linavuta maji kupitia yale matundu ya chini. Gazeti la kwanza asubuhi lilikuwa zito kama nepi ya mtoto. Nikabadilisha, jioni tena, siku ya tatu ndiyo likabaki kavu. Feni nikaiwasha polepole ikitazama ukuta, nataka hewa izunguke tu maana hali ya mvua udongo haukauki wenyewe. Jua kali hapana, mmea uliotoka giza siku tano ukiutupa juani majani yanaungua, nimeusogeza dirishani kidogo kidogo kama wiki nzima. Mbolea hapana kabisa mpaka nione jani jipya. Na nimeitenga na mimea yangu ya zamani wiki mbili, wale wadudu weupe kama pamba walishanifundisha adabu.

Monstera ilikuja na majani mawili ya njano. Usishtuke, ukifungiwa gizani mmea unatoa gesi ya ethilini, ile ile inayoivisha matunda, na inarudi kuzeesha majani yake wenyewe. Nikakata yale yaliyokwisha kuwa njano yote, yenye kijani hata kidogo nikayaacha na ubaya wao kwa sababu bado yanalisha.

Okidi ilikuwa na maji yametuama katikati ya majani pale juu, hapo ndipo inapoanzia kuoza. Nikasokota tishu ikawa kama utambi nikanyonya yote, dakika mbili, kwisha. Sansevieria jani moja limelainika chini kama limechemshwa, nikakata juu ya ule uozo mpaka nikaona nyama safi (kisu nimekipangusa na spiriti kila mkato), nikaliacha likauke jeraha siku nne ndipo nikalichomeka kwenye mchanga.

Begonia ndiyo imeniuma. Nimeitoa kwenye chungu, nikavuta mzizi mmoja taratibu, ganda likateleza likabaki mkononi mwangu na pale pakabaki kiuzi tu. Ukiona hivyo mzizi umeshakufa, mzima unakuwa mgumu na mweupeupe. Majani ya chini yalikuwa na vumbi la ukungu wa kijivu, nikayatupa kwenye mfuko uliofungwa. Nikabakiza jani moja zima na kikonyo chake nikalichomeka kwenye moss laini yenye unyevu (vile vimea vinavyoota kama zulia kwenye mawe), basi tu nisiseme sikujaribu.

Huduma kwa wateja sasa. Nimetuma picha siku ile ile, jibu la kwanza kesho yake: "Inaonekana umemwagilia maji mengi." Mimi! Ambaye sijagusa jagi! Bahati nilikuwa nimerekodi video nikifungua boksi, nikawatumia, lugha ikabadilika hapo hapo, wakaomba radhi wakakubali kuleta begonia nyingine bure. Kwa hiyo rekodini jamani, kuanzia seloteipu haijaguswa.

Nawapa nyota 3. Mimea yenyewe ilikuwa na afya kabla ya kufungwa, hilo linaonekana kwa mizizi ya ile mingine, na ningekuwa mimi ningeacha udongo ukauke siku mbili tatu ndipo nifunge, na ile kadi ningeichoma moto.

Leo ni wiki ya saba, monstera imetoa jani jipya bado limejisokota, okidi ipo tu kama haijui kilichotokea. Begonia ya bure nimewaambia wasitume kwanza, mvua haijakata. Na lile jani nililochomeka, jana nimeona kitu cha kijani kwenye kikonyo, ukubwa wa kichwa cha kiberiti.