TAHADHARI: Anapanga nyumba kwenye mtaa mtulivu, kisha anaiuza kama yake

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ya kununua pembezoni mwa Kampala, hasa ninyi ambao kama mimi lugha yenu ya nyumbani ni Kiswahili, naomba msome hadi mwisho kabla ya kumkabidhi mtu hata shilingi moja. Mwanamke aliyetuchukulia shilingi milioni 40 upande wa Kira ameshahama pale. Wiki iliyopita, dada mmoja ninayeswali naye alinieleza kwa furaha habari za nyumba anayotaka kununua upande wa Seeta. Kila alichosema nilikijua. Mume yuko nje. Mtoto anapelekwa India kwa matibabu. Bei imeshushwa kwa sababu ya haraka. Mikono yangu ilianza kutetemeka nikiwa bado nimeshika viatu, na ndiyo sababu ninaandika leo.

Mimi nimezaliwa kambini. Baba alikuwa askari, nikaolewa na askari, na maisha yangu yote nimelala nikisikia redio ya jirani kupitia ukutani. Maji tulikuwa tunapanga foleni, choo tulikuwa tunapanga foleni. Mume wangu alipostaafu na kiinua mgongo chake kikatoka, niliomba kitu kimoja tu: mtaa wenye utulivu. Pesa zenyewe hazikutosha. Tuliuza ng'ombe wanne wa nyumbani Tororo, nami nikakopa kwenye chama chetu cha akiba. Naeleza haya ili mjue kwamba zile milioni 40 zilitoka kwenye jasho la watu wengi, na baadhi yao bado nawalipa.

Dalali alitupeleka siku ya Jumapili. Tulishuka kwenye taksi Kyaliwajjala, tukachukua bodaboda mbili, tukaingia kwenye barabara ya udongo mwekundu yenye ua wa michongoma uliokatwa sawasawa pande zote. Mageti yote yamefungwa. Hakuna steji ya boda, hakuna baa, hakuna duka la miamala. Nilisikia fagio la mtu mmoja likikwangua uani, basi. Nilimwambia mume wangu palepale, kabla hata ya kuiona nyumba, kwamba hapa ndipo.

Wakati huo hofu yetu ilikuwa moja, maji. Mwaka 2024 tuliona watu wakivunjiwa nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi, kwa hiyo tulirudi mara ya pili siku ya mvua kubwa kuangalia kama maji yanasimama uani. Hayakusimama. Nyumba iko mwinukoni, imekauka vizuri, tukaridhika. Akili yetu yote ilikuwa kwenye ardhi, na kumchunguza aliyekuwa akituuzia hakukutujia kabisa.

Mwenyewe alitupokea vizuri mno. Binti wa kazi alipiga magoti kutuamkia, chai ikaja na mandazi ya moto. Alipojua tumetoka kambini aliacha Kiganda akaanza Kiswahili fasaha, akamwita mume wangu "afande", mimi akaniita "dada yangu". Sasa naona kwamba hapo ndipo tuliponaswa. Sisi Kiganda chetu ni cha sokoni, cha kununua ndizi na kuuliza nauli. Kumpata mtu wa mtaa ule anayetuelewa kulitupa raha kubwa, na hatukumtafuta mwingine wa kuongea naye.

Kuna mambo mawili nataka myaone kama nilivyoyaona mimi.

La kwanza ni kile chumba cha nyuma. Alituzungusha nyumba nzima, jiko, vyumba, hata matangi ya maji, lakini mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Alisema ni vitu vya mume wake na ufunguo anao mumewe huko aliko. Nililigusa lile kufuli. Lilikuwa na kutu iliyobaki kwenye vidole vyangu, na kwenye pembe ya juu ya mlango buibui alikuwa ametanda utando mzito hadi ukutani. Mtu anayehama na kuuza nyumba lazima atoe vitu vyake. Mtu aliyefungiwa chumba na mwenye nyumba ndiye hukipita tu kila siku bila kukifungua. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda nyumba.

La pili ni umeme. Tukiwa kwenye chai, Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikaisha, taa zikazima. Akamtuma binti dukani, mume wangu kwa ungwana wake akasema hapana, nipe namba ya mita nitalipa mimi kwa simu. Alipoingiza namba, kabla ya kuthibitisha malipo, jina la mwenye akaunti likatokea kwenye skrini. Jina la mwanamume, ukoo mwingine kabisa, si wa yule mama wala wa mume aliyekuwa akitutajia. Mume wangu akauliza. Akajibiwa kwamba hilo ni jina la fundi aliyewaunganishia umeme zamani. Tukalipa shilingi 20,000, taa zikawaka, mazungumzo yakaendelea. Lile jina ndilo tulilokuja kulikuta Wakiso, kwenye daftari la serikali, likiwa ndilo jina la mwenye ardhi.

Jina la kwenye mita peke yake halithibitishi umiliki, maana kweli nyumba nyingine zimebaki na jina la aliyejenga au aliyeuza zamani. Lakini linatakiwa likufanye usimame na uulize tena, na usikubali jibu la haraka. Na bili ya maji uione pia.

Karatasi zote walizileta wao. Hati ya ardhi, ile watu wa hapa huita kyapa, ilikuwa na muhuri, namba ya bloku na namba ya ploti za kweli, ila jina lilibadilishwa. Wakili alikuwa wao, ofisini kwake ghorofa ya tatu kwenye jengo la maduka mjini kati. Yeye ndiye aliyesema atatufanyia sachi, yaani kuuliza kwenye daftari la serikali hati ile ina jina la nani, akatuletea barua nzuri yenye nembo. Barua ilikuwa ya uongo. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, naye walimleta wao. Tulikutana naye kwenye kibanda cha chai kule senta, akatoa muhuri mfukoni, akaongea na dalali Kiganda cha haraka ambacho nilikielewa nusu, akagonga muhuri. Baadaye tulipokwenda kwa mwenyekiti wa kweli wa kijiji kile, hakuwa mtu yule. Mwenyekiti wa kweli ana daftari la wakazi, na mama yule ameandikwa humo kama mpangaji.

Mpima ardhi tulimtaja mara moja. Tukaambiwa mawe ya mipaka yako chini ya ukuta, yasingefikiwa bila kubomoa, na kwamba jirani ana mbwa mkali. Tukaacha. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi (desimali 100 ni ekari moja), ingawa madalali wote husema 12, kwa hiyo hata muuzaji akiwa halali, mpima ni wa lazima.

Bei ilikuwa milioni 185, malipo ya kwanza 40. Milioni 25 tuliweka kwenye akaunti ya mtu aliyeitwa kaka yake, milioni 15 tulihesabu mezani kwa yule wakili. Tulitia saini. Nilimuuliza kuhusu saini ya mume wake, kwa sababu nilishasikia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mke au mume kabla nyumba ya familia haijauzwa. Akapiga simu mbele yangu, sauti ya mwanamume ikasema "mimi nimekubali, dada, msiwe na wasiwasi." Nikakubali sauti ya kwenye simu.

Tulikubaliana wahame baada ya wiki sita. Wiki ya tano simu zao zikawa zinaita bila kupokelewa, kisha hazipatikani. Mume wangu akaenda pale peke yake. Geti limefungwa, ndani kimya. Akagonga geti la kijani lililo mkabala. Akatoka mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kumbe Kiswahili anakijua vizuri kuliko mimi. Alimsikiliza mume wangu, akakaa chini kwenye jiwe la getini, akasema, "Mwanangu, mbona hamkunigongea?"

Mzee alijua kila kitu. Wenye nyumba wako Uswidi miaka mingi. Wale walikuwa wapangaji, waliingia na kodi ya miezi mitatu, wakaondoka usiku kwa gari la mizigo. Alikuwa ameona familia zisizopungua nne zikija siku za Jumapili, akadhani ni ndugu wa mama yule. Kwenye mtaa ule kila mtu yuko nyuma ya ukuta wake, na kumuuliza jirani habari za wageni wake ni utovu wa adabu. Kambini yule mama asingeuza hata kuku wa mtu mwingine. Saa hiyohiyo watoto wote wangejua. Utulivu nilioutamani ndio uliomfaa yule mama kufanya kazi yake.

Sasa nawaomba, kwa yote niliyopoteza.

Nendeni wenyewe kufanya sachi. Kwa ardhi ya wilaya ya Wakiso kuna ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi hukohuko Wakiso. Chukua namba ya bloku na ploti, nenda kwa miguu yako, ulipe ada ya serikali, ambayo haifiki bei ya kuku mmoja, na usubiri majibu mkononi mwako. Yatakuonyesha jina la mmiliki, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lolote juu ya ardhi hiyo. Usimpe dalali kazi hii, wala wakili aliyeletwa na muuzaji. Wakili mtafute mwenyewe, na uhakikishe ana leseni ya mwaka huu.

Uliza pia ardhi ni ya aina gani. Buganda ardhi nyingi ni mailo, mfumo wa umiliki uliotokana na Mkataba wa 1900, na juu ya ardhi moja anaweza kuwepo mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye kipande cha ardhi hiyo na kumlipa mwenye hati busuulu, kodi ya kila mwaka, wote wana haki kisheria. Ukinunua kibanja bila mwenye ardhi kukubali, umenunua kesi. Ukinunua hati bila kujua kuna watu wa kibanja juu yake, hivyohivyo. Na ndugu zetu kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, ambao najua wengi mnatafuta, asiye raia haruhusiwi kumiliki mailo wala ardhi ya milele hapa Uganda, anaruhusiwa kukodisha tu, muda usiozidi miaka 99. Atakayewaambia "tutaandika jina la mke wangu, msijali" mkimbieni.

Na gongeni mageti. Matatu, manne, ya kulia, ya kushoto na ya mkabala. Kama Kiganda kinakushinda, nenda na mtu anayekijua ambaye wewe mwenyewe unamwamini. Sema tu, "Mzee, shikamoo, tunataka kununua hapa, mwenyewe ni nani?" Watu hujibu. Sisi tuliona haya kwa ajili ya lugha, na wale watu walijua tutaona haya. Naamini kabisa wanachagua wateja wa Kiswahili kwa makusudi.

Tumefungua faili polisi, tuna namba ya SD, ile ya daftari la kituo, na nakala za makubaliano. Jina alilotumia kwetu sitaliandika hapa, kwa sababu mpelelezi ametuomba hivyo na pia si ajabu kwa Seeta ana jina lingine. Mjue kwa haya: ni mama wa makamo, mweupe kidogo, Kiswahili chake ni safi, anapenda kumshika mtu mkono akiongea, na kila anapoulizwa jambo gumu huanza kueleza ugonjwa wa mtoto. Dalali wake ni kijana mrefu anayechechemea mguu wa kushoto. Binti wa kazi wa pale msimguse wala kumtukana, yule ni mtoto tu, na sidhani kama alijua.

Dada yangu wa Seeta bado hajalipa. Kesho asubuhi naenda naye hadi Mukono kwenye ofisi ya ardhi, na namba ya ploti anayo. Kama kuna mwingine aliyeonyeshwa nyumba yenye chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli, iwe Kira, Seeta, Najjera au njia ya Entebbe, usilipe kwanza. Kama umeshalipa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na nyumba hiyo, toa maelezo, na uwaambie kuna faili kama hilo upande wa Kira, ili yaunganishwe.