Uzoefu wangu na Toyota Noah ya familia: miaka minne kati ya Moshi na Marangu

Mkazi wa Moshi au Arusha hahitaji kuelezwa Noah ni gari la namna gani, na hapo ndipo ugumu wa kulitathmini unapoanzia, kwa sababu wengi wetu tumelifahamu kwanza tukiwa abiria, tumebanwa wanne kwenye kiti cha watatu, mtu ameshika kuku na mlango unafungwa mara mbili ndipo ushike. Mimi nililinunua kwa ajili ya nyumba yangu, miaka minne iliyopita, kutoka kwa jirani aliyekuwa anahamia Dodoma. Ni toleo la 2003, injini ya petroli ya cc 2,000, gia za otomatiki, viti 8. Nyumbani tuko sita, pamoja na mama mkwe wangu, na gari hili ndilo linalonipeleka kazini, linalowapeleka watoto shule, linalokwenda Arusha mara moja au mbili kwa mwezi na linalopanda Marangu kila likizo, na Desemba bila kukosa, kama ilivyo kwa Wachaga wenzetu.

Anayetafuta Noah ajue kwanza kwamba kuna zaidi ya moja. Ile ya zamani, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, injini yake iko chini ya viti vya mbele na inasukuma magurudumu ya nyuma. Ukitaka kuiona injini, unainua kiti. Iliyofuata, iliyotoka mwishoni mwa 2001 na ambayo ndiyo yangu, injini yake iko mbele chini ya boneti na inavuta kwa magurudumu ya mbele. Kwa mama anayepima oili mwenyewe alfajiri huku watoto wanatafuta soksi, tofauti hiyo si ndogo. Injini hii pia inatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, kwa hiyo gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya muda haipo, mradi oili isicheleweshwe. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, pamoja na filta yake.

Milango ya kuteleza pande zote mbili ndiyo iliyonishawishi kununua, na sijajuta. Mtoto hawezi kuusukuma mlango ukampiga mwendesha bodaboda anayepita, jambo ambalo kwa milango ya kawaida niliwahi kuliona likitokea karibu na soko la Mbuyuni. Vumbi letu, hata hivyo, hujaa kwenye reli ya chini, na roleri zikianza kukwama mtoto hudhani ameufunga mlango kumbe umeshika nusu. Nasafisha reli kwa mswaki mkuukuu kila Jumamosi na siondoki mpaka taa ya mlango kwenye dashibodi izimike. Kile kitufe cha kuzuia mlango usifunguliwe kwa ndani kilikuwepo kwenye gari hili muda wote. Nilikigundua mwezi wa tano.

Injini yenyewe ina tabia moja ambayo mnunuzi anapaswa kuifahamu. Ni ya aina inayoitwa D-4, ambamo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti nyuma ya valvu za kuingiza hewa na kuzisafisha kama inavyofanya kwenye injini za kawaida, na kwa sababu hiyo masizi hujikusanya kwenye njia ya hewa. Mwaka wa pili gari lilianza kutetemeka kwenye foleni, silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, na mara mbili likazima nikiwa nasubiri kuingia barabarani. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha koili zote nne za kupeleka umeme kwenye plagi. Wa pili alifungua njia ya hewa, akanionyesha masizi mazito kama ya chungu cha kuni, akasafisha, na gari likatulia. Kuhusu mafuta, safari ya Arusha, ambayo ni kama kilomita 80, hula lita 8 au pungufu kidogo, na mjini napata kilomita 7 kwa lita. Si gari la kubana matumizi, wala halijawahi kudai kuwa hivyo.

Jambo kubwa ninalotaka kulieleza ni breki, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba gari la viti 8 halifanani na gari dogo lililoongezwa viti. Ilikuwa tarehe 27 Desemba, mwaka wa pili wa kuwa na gari. Tulikuwa wanane ndani, watu wazima watano na watoto watatu, na nyuma kulikuwa na mikungu miwili ya mshare, ndoo ya maparachichi na mizigo ya wiki nzima. Barabara ya kutoka Marangu Mtoni kushuka Himo ni ya lami, ina kona na mteremko wa muda mrefu, na siku hiyo ilijaa watu wanaowahi kurudi Dar es Salaam. Niliteremka nikiwa kwenye D, gia ya mwendo wa kawaida, mguu juu ya breki tangu mwanzo, nikiamini kwamba huo ndio uangalifu.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza, kutoka kiti cha nyuma kabisa: "Mwanangu, mbona kunanuka kama mpira unaoungua?" Nikamjibu kwamba ni lori lililo mbele yetu. Kona mbili baadaye nilikanyaga breki na pedali, ambayo siku zote huniitikia ikiwa juu, ikashuka laini kama nimekanyaga papai bivu. Niliipampu mara tatu, nikarudisha gia kwenye 2, injini ikanguruma na gari likaanza kushikwa, nikawasha hazadi na kulipeleka pembeni penye nafasi, kisha nikaweka breki ya kuegeshea na baba watoto akaruka kwenda kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Kijana wa bodaboda alisimama na dumu lake akaniuliza, "Dada, nimwagie maji?" Namshukuru kwa moyo wake, lakini baba watoto alimkatalia, na alikuwa sahihi, kwa kuwa diski iliyopata moto kiasi kile ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka. Tulikaa pale dakika 40. Tulipojaribu tena, pedali ilikuwa imerudi juu kana kwamba hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililonitisha kuliko moshi.

Kesho yake nilimpelekea fundi mwingine mjini Moshi. Hakugusa magurudumu kwanza. Alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kipande cha karatasi nyeupe, kikatoka na rangi ya kahawa. "Mama, haya yalibadilishwa lini?" Sikuwa na jibu, maana hayakuwahi kubadilishwa mikononi mwangu, na gereji niliyokuwa napeleka gari kwa servisi kwa karibu miaka miwili ilikuwa inaandika kwenye kadi "breki: sawa" baada ya kutazama unene wa pedi tu. Alinieleza kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hustahimili joto hadi kama nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na yakichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Ndiyo maana mguu wangu ulikuwa unaukandamiza mvuke wakati pedi hazipati nguvu. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, na pedali inapanda kama vile haikuwahi kushuka. Alimwaga mafuta yote, akaweka mapya, akatoa hewa kwenye magurudumu yote manne na kubadilisha pedi za mbele, ambazo uso wake ulikuwa umegeuka kama kioo. Sasa nabadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili na tarehe naiandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya boneti, isibaki kwenye kadi ya gereji.

Kuteremka nako nimejifunza upya. Kwenye kichwa cha gia kuna kitufe kidogo cha O/D ambacho wenye Noah wengi hawakigusi kabisa, au walikigusa kwa bahati mbaya na wanatembea na taa ya "O/D OFF" inawaka mwaka mzima, gari linakula mafuta na wao wanalaumu injini. Kazi yake ni kuizuia gia ya juu kabisa isiingie. Nikianza mteremko nakibonyeza, panapozidi ukali narudisha gia kwenye 2 kabla mwendo haujawa mkubwa, na breki naikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha naiachia ipumue. Injini hupiga kelele kidogo na abiria wasiozoea hushtuka. Waache washtuke.

Kwenye kupoza injini nilikuwa na bahati. Mwenye gari wa kwanza alikuwa anajaza maji ya bomba kwenye rejeta, nayo yalipomwagwa yalitoka na kutu. Tangu niweke kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, halijawahi kuchemsha, hata Desemba.

Tairi zilizokuja na gari zilikuwa nene na nyeusi, na nilihesabu kwamba nimeokoa fedha. Aliyenifumbua macho ni kijana wa kuziba pancha, aliyenionyesha tarakimu nne ubavuni: 1109, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2009. Meno yalikuwepo, mpira ulikuwa umekauka na kuchanika nywele nywele karibu na ringi. Anayenunua tairi za mtumba, kama tulivyozoea, asome tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa upande wa mlango wa dereva, kwa kPa, ilhali vipimo vya sheli nyingi ninazopita husoma PSI; kwa kukumbuka haraka, kPa 230 ni kama PSI 33. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi.

Mikanda ndiyo sehemu ninayolilaumu gari hili. Kiti cha katikati cha safu ya pili kina mkanda wa kiunoni tu, kwa hiyo hapo anakaa mtu mzima, watoto wanakaa pembeni penye mikanda ya begani. Mdogo wetu alipokuwa mchanga, bibi yake alizoea kumpakata, na haikuwa rahisi kumkatalia mama mkwe. Nilimfanyia hesabu: mtoto wa kilo 10, gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa na likasimama kwa kugonga ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, huvuta mikono ya aliyempakata kwa nguvu ya kama kilo 140. Alinyamaza, akasema, "Basi mtafutieni kiti chake." Tulikifunga safu ya pili. Kile cha kumgeuza mtoto atazame nyuma hakifungwi kamwe kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa, kwa kuwa mfuko ukifumuka hukipiga kiti kwa nyuma.

Mengine ni madogo. Redio ya Kijapani inaishia 90 FM, hivyo nusu ya vituo hatuvipati. Kila nikiwasha gari, sauti ya mwanamke wa Kijapani hutangaza kwamba kadi ya ETC, ile ya kulipia ushuru wa barabara huko Japani, haijaingizwa, na watoto wameikariri. Pale Kwa Sadala na Boma Ng'ombe watu hunipungia mkono nisimame ingawa namba zangu ni za njano, za gari binafsi, na trafiki wamewahi kunisimamisha wakidhani nabeba abiria bila kibali. Pembetatu na kizima moto viko chini ya kiti, mshale wa kizima moto ukiwa kwenye kijani, na mazungumzo huisha hapo.

Ningelinunua tena, hasa kwa familia yenye wazee na watoto pamoja. Shokapu za nyuma zimeanza kulegea, gari linadunda mara mbili kila tuta tukiwa na mizigo, na fundi ameshaniambia zifungwe mpya kabla hatujapanda Marangu mwaka huu.