Clone Tool ya DaVinci Resolve: mtu mmoja inamtosha, timu inaisumbua

Clone Tool, zana ya kunakili kadi za kamera ndani ya programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, imo kwenye ukurasa wa Media, hata katika toleo la bure. Unafungua kazi mpya, unaburuta kadi ya kamera kwenye chanzo, kisha diski mbili au tatu zinakopelekwa nakala. Zote zinanakiliwa kwa mkupuo mmoja, na cheksamu (namba inayokokotolewa kutokana na faili ili kulinganisha nakala na asili) inahakiki faili. Kwa kitu cha bure, hiyo ni kazi safi kabisa.

Shida ni mipangilio. Aina ya cheksamu na chaguo la Preserve Folder Name huwekwa kwenye kila kompyuta peke yake. Chaguo hilo likizimwa, folda ya juu haifuati, yanamwagwa yaliyomo tu. Wasaidizi wawili wakimwaga kadi mbili kwenye folda moja, C0001.MP4 ya kamera hii inagongana na C0001.MP4 ya kamera ile. Hakuna kosa linalotisha kama hili, maana mara nyingi kadi huwa imeshafutwa mhariri anapogundua.

Kinga ni kufungua folda yenye tarehe, kamera na namba ya kadi (mfano 20250314_A_001) kabla ya kuburuta chochote, na wote mtumie aina moja ya cheksamu, MD5. Msiharakishe pia: kadi ya GB 512 inayosomwa kwa MB 250 kwa sekunde huchukua kama dakika 34, uhakiki bado.

Mkiwa na kompyuta tatu au zaidi za kunakilia, tafuteni programu inayosambaza mipangilio kutoka sehemu moja na kuifunga isiguswe.