Uzoefu wangu na wasaidizi wa kisheria Moshi, baada ya mdogo wangu kugongwa na fuso

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimewanyima kwa sababu ya ngazi, nitafika huko.

Mdogo wangu alikuwa bodaboda, kijiwe chake Kiboriloni. Jioni moja alikuwa anapeleka mikungu miwili ya ndizi mshare mjini, fuso lililotoka upande wa Himo likahama njia likamfuata alipo. Aliishi siku tatu hospitalini. Tulimzika kihambani kwa baba, Kilema.

Siku ya nne ya msiba mwenye fuso alikuja. Si mtu mbaya, lazima niseme. Alikuja na mchungaji wake, gunia la mchele, bahasha ya laki saba, na karatasi. Karatasi ilisema familia imepokea pole na haina madai mengine kwa mwenye gari, dereva, "wala mtu mwingine yeyote". Baba mkubwa alishashika kalamu. Kwetu mtu akija msibani na mchungaji, kumnyima saini ni kama kumtoa nje.

Kule hospitalini, wakati tunasubiri mwili, afisa ustawi wa jamii alikuwa amempa shemeji, mke wa marehemu, namba ya simu ya hawa wasaidizi wa kisheria kwenye kipande cha boksi la dawa. Shemeji akaenda nyuma ya jiko akapiga. Akarudi akamwambia baba mkubwa mbele ya watu, kwa heshima zote: "Baba, nimeambiwa rambirambi tupokee na tushukuru. Karatasi tusisaini, twende nayo."

Nilikasirika. Niliona anatuaibisha.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, ghorofa ya pili, karibu na stendi. Jina silitaji, hawapendi kutangazwa na siku zao za kazi ni tatu tu kwa wiki. Anayekaa pale ni mama mmoja wa makamo na kijana wa kumsaidia. Si mawakili, na alituambia hivyo kabla hatujakaa: mahakamani hawezi kusimama kututetea, kazi yake ni kutuonyesha njia na kutuandalia karatasi. Hela hachukui, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka huduma hii iwe bure. Nauli na fotokopi ni zako. Nataja hili kwa sababu pale pale mochwari alikuwa amenifuata kishoka mmoja, suti na tai, akitaka asilimia arobaini ya "chochote kitakachopatikana".

Kitu cha kwanza alichofanya mama, alichukua simu yake akaingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, akaandika namba ya fuso. Bima ikaonekana, hai, bima ndogo. Mimi nikakata tamaa, nilidhani bima ndogo ni ya kumridhisha trafiki tu barabarani. Akacheka kidogo. Bima ndogo haitengenezi gari la mwenyewe, akasema, lakini ndiyo hasa ya mtu aliyegongwa, na ndiyo sababu sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Kwa hiyo tunayemdai si huyu mzee wa mchele peke yake, ni kampuni ya bima. Na ile saini ya baba mkubwa ndiyo ingekuwa karatasi ya kwanza kampuni kututolea.

Basi likaanza jambo la makaratasi. Nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu humo ndimo watu wengi wanapoachia njiani.

Polisi tulihitaji PF 90 (fomu ya polisi ya taarifa ya ajali), ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Mpelelezi alikuwa safarini, halafu faili likawa halionekani, halafu likaonekana. Mama hakuwahi kwenda kugombana na mtu. Alikuwa anatuandikia barua fupi, nakala mbili, anasema moja igongwe muhuri wa kupokelewa turudi nayo. Nimejifunza kwamba barua yenye muhuri hukumbukwa haraka kuliko mtu anayelia kwenye benchi.

Kesi ya dereva tungeikosa kabisa. Hakuna aliyetuita, na mama ndiye aliyetupigia kwamba imepangwa Alhamisi. Tulikwenda mimi, shemeji na mama yetu mzazi. Dereva alikiri, akasomewa faini, ikalipwa. Haikufika hata muda wa kunywa chai. Mama yetu akaniuliza kwa Kichaga kama ndiyo imeisha. Nikasema ndiyo. Hakusema kitu mpaka tunafika nyumbani. Nilitaka kuichana ile hukumu, lakini mama wa ofisini alitaka nakala yake, kwa sababu kwa bima kukiri kwa dereva kuna uzito kuliko hata hiyo faini.

Mirathi ndiyo ilitugawa. Baba mkubwa alitaka awe msimamizi, ndiyo desturi, na wajomba wakamuunga mkono. Mama wa ofisini alipanda Kilema kwa daladala siku ya kikao cha ukoo. Hakusema shemeji ndiye anafaa. Alieleza tu kwamba msimamizi si mrithi: anakusanya, anagawa, kisha anarudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya kila shilingi. Kusikia "kila shilingi" baba mkubwa akasema magoti yanamsumbua kwenda mjini. Shemeji akateuliwa, muhtasari ukaandikwa, mahakama ya mwanzo ikampitisha.

Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili, cheti cha ndoa, ripoti ya uchunguzi wa mwili. Haya yalikwenda vizuri.

Kampuni ya bima ilituzungusha miezi mitano, "njoo wiki ijayo". Mama akaandika barua, chini yake akaonyesha kwamba nakala itakwenda TIRA Kanda ya Kaskazini, Arusha, na kwamba baada ya hapo kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hatukulazimika kufika huko. Tangu ajali mpaka malipo ni miezi kumi na minne. Kiasi sikitaji, ukoo unasoma.

Sasa mapungufu. Ofisi ya watu waliovunjika miguu kuwekwa ghorofa ya pili, bila lifti! Siku moja nilimkuta kijana mwenye magongo amekaa ngazi ya katikati, anapumua, hajui apande au ashuke. Nilihesabu, ni ngazi thelathini na nne. Jingine, hakuna mtu wa watoto. Mpwa wangu mkubwa ana miaka minane, mpaka leo akisikia pikipiki inapunguza mwendo getini anatoka nje. Nilimuuliza mama tumpeleke wapi, akasema kweli hana jibu.

Kwa shemeji, hata hivyo, alifanya kitu ambacho hakimo kwenye karatasi zozote. Alimuunganisha na mjane mwingine, wa Bomang'ombe, mumewe aligongwa na basi. Yule dada alikuja na kilo ya sukari, wakakaa jikoni kutwa nzima. Sikusikia wakitaja PF 90 hata mara moja. Siku hizi wako kikundi kimoja cha kuweka na kukopa.

Mei 6, 2017, basi la wanafunzi lilipoanguka Karatu wakafa watu 35, uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa kuwaaga, Makamu wa Rais akaja. Nami nilikwenda, nikalia. Ajali ya mtu mmoja na mikungu yake haina uwanja. Mama wa ofisini alituambia kuna siku ya kuwakumbuka wahanga wa ajali za barabarani, Jumapili ya tatu ya Novemba, Umoja wa Mataifa uliipitisha 2005. Mwaka jana jumuiya yetu ilisali kwa ajili yake siku hiyo, na yule mwenye fuso alikuja. Alikaa nyuma.

Ukienda, nenda Jumanne kabla ya saa tatu. Toa fotokopi mtaani kwako, pale chini ya ofisi wanatoza ghali. Na kama una magongo usipande: piga simu ukiwa chini, mama atashuka na daftari lake.