Sponji nyeupe ya melamini kwenye plastiki za gari: uzoefu wangu

Gari langu ni IST yenye plastiki za ndani za rangi ya krimu, na mwenye gari la krimu anaijua adha yake. Kila asubuhi napeleka watoto shule kutoka Tabata, na viatu vyao vyeusi vimechora milango ya nyuma yote. Mlango wangu, pale ninapoegemeza mkono, jasho na losheni vimeacha doa la kahawia.

Ninakooshea gari walizoea kumalizia kwa dawa ya kung'arisha dashibodi. Siku ya kwanza inapendeza. Kesho yake vumbi limeganda, doa liko palepale, na jua la saa saba likipiga, dashibodi inajionyesha kwenye kioo cha mbele hadi unapata shida kuona barabara. Nikawaambia basi.

Sponji nilinunua Kariakoo, shilingi 2,000 pakiti. Watu huiona laini wakadhani ina dawa ndani. Haina. Inakwangua, kama msasa mwembamba sana, kwa hiyo si ya kuanzia. Jumamosi niliegesha chini ya mwembe, plastiki zikapoa, nikatoa vumbi kwa brashi kavu ya rangi. Kisha maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kwa sababu uchafu umejificha kwenye vile vijimifereji vya plastiki. Futa kwa kitambaa mara moja, usiuache ukaukie humo. Sehemu kubwa ya uchafu ilitoka hapo hapo, sponji bado iko kwenye pakiti!

Alama za viatu ndizo zilizogoma. Nikalowanisha sponji, nikaikamua, nikapitisha bila kukandamiza. Mara tatu, nne, zimefutika kabisa, na sponji inamomonyoka kama kifutio.

Kilichoniuma ni fremu nyeusi ya redio, ile inayong'aa. Nilipitisha sponji mara moja tu, fremu ikabaki na mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Haitoki. Hapo ni kitambaa laini chenye unyevu, basi. Na thina msiisogeze kabisa, inayeyusha plastiki.

Kwa alama za viatu, sponji nitainunua tena. Doa la mlango wangu limebaki kivuli chake. Jumamosi hii nalirudia kwa sabuni na mswaki, sponji naiacha nyumbani.